Kusi na Mwamba: Uvuvi wa Pwani Katika Miezi ya Upepo Mkali

Methali ya Waswahili yasema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu kupenda. Katika mafunzo ya lugha methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa fumbo la umaskini: asiye na nguvu hashindani na wenye nguvu. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini yaacha nyuma jambo moja. Kabla ya kuwa fumbo, maneno hayo yalikuwa habari ya baharini. Kwenda joshi ni kuelekeza chombo karibu na upande utokako upepo, na kazi hiyo yataka tanga zuri, mkuku imara na mikono ya kutosha ya kushika kamba. Dau halina vitu hivyo. Mwenye dau akikutana na upepo wa mbele ana mambo mawili ya kuchagua: kurudi au kungoja. Wavuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamekabiliwa na uchaguzi huo kila mwaka, kwa miezi mingi mfululizo, na upepo uliowakabili kuliko wote ni kusi.

Mwaka wa pwani hii hugawanywa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kusi huanza kati ya Aprili na Mei, pamoja na mvua za masika, hupata nguvu zake zote katika Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea polepole katika Septemba na Oktoba. Kati ya pepo hizo kuna vipindi vifupi vya upepo usio na msimamo, ambavyo mabaharia huviita tanga mbili au maleleji. Kusi ina nguvu kuliko kaskazi, nayo husukuma mawimbi makubwa juu ya miamba yote inayoelekea mashariki na kusini. Mkondo wa bahari uendao kaskazini kando ya pwani, ambao katika maji ya Tanzania haukomi mwaka mzima, hupata kasi zaidi wakati huo. Maji nayo hupoa: katika Machi joto la maji ya juu hukaribia digrii 29 au 30, na katika Agosti hushuka hata karibu na digrii 25. Katika miezi hiyo mvuvi mwenye chombo kidogo hawezi kukaa nje ya mwamba kwa salama. Na hata akithubutu, mshipi wake hupeperushwa na mkondo kabla chubwi haijagusa chini.

Waandishi wa historia ya pwani wamezisema sana pepo hizi, lakini wamezisema kwa ajili ya majahazi. Kila mwanafunzi ajua kwamba kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na kwamba kusi ilivirudisha makwao vikiwa vimesheheni pembe, boriti na bidhaa nyingine. Katika habari hizo upepo ni barabara na bandari ni mlango. Mvuvi wa maji mafupi haonekani, au akionekana husemwa kwa huruma, kama mtu aliyebaki ufukoni kwa sababu hakuwa na chombo cha kumpeleka mbali. Hukumu hiyo yastahili kuangaliwa tena. Ushahidi uliopo waonyesha kwamba kubaki ndani ya mwamba wakati wa kusi hakukuwa upungufu wa ujasiri. Kulikuwa elimu kamili, yenye vyombo vyake, kalenda zake na msamiati wake. Na elimu hiyo ni ya kale kuliko biashara ya majahazi iliyoifunika.

Ushahidi wa kwanza wa maandishi ni kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus Maris Erythraei, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo na mtu aliyezijua bandari za bahari hii. Mwandishi huyo ataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu wamebishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Asema kwamba huko kulikuwa na vyombo vidogo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba watu walivitumia kwa kuvua samaki na kukamata kasa. Kisha aongeza jambo lililomstaajabisha: wenyeji walikuwa na namna yao ya kuvua kwa vikapu vilivyofumwa, ambavyo waliviweka penye midomo ya maji mahali pa kutumia nyavu. Msomaji aliyewahi kuona dema likizamishwa, au uzio ukizibwa kabla ya maji kupwa, hatapata shida kuitambua kazi hiyo. Basi habari ya kale kuliko zote ya uvuvi wa pwani hii si habari ya bahari kuu. Ni habari ya mtego uliowekwa mahali ambapo maji huingia na kutoka.

Ushahidi wa pili umetoka ardhini. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba magofu ya mji wa kale katika miaka ya 1980, na mifupa ya samaki iliyopatikana huko na katika miji mingine ilichunguzwa baadaye kwa makini. Mwaka 2015 Jeffrey Fleisher na wenzake walichapisha katika jarida la American Anthropologist makala iliyouliza swali la kijasiri: ni lini Waswahili walipokuwa watu wa bahari? Jibu lao lilikuwa kwamba katika karne za kwanza za miji hiyo watu walikula zaidi samaki wa karibu, yaani wa miamba, wa mikoko na wa midomo ya mito. Na kwamba samaki wa maji makuu waliongezeka baada ya kama mwaka 1000. Mifupa haisemi samaki alivuliwa katika upepo gani. Hata hivyo yaonyesha mpango wa mambo: maji ya ndani yalikuwa shule ya kwanza, na bahari kuu ilikuwa shule ya pili. Ibn Battuta naye, alipofika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa huko kilikuwa ndizi na samaki. Mji haufanyi samaki kuwa chakula chake kikubwa ikiwa wavuvi wake hukaa bure nusu ya mwaka.

Ili kuielewa elimu hiyo yafaa kutazama umbo la pwani yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani tangu Kenya ya kaskazini hata Msumbiji ya kaskazini imezungushiwa mwamba wa matumbawe. Pengine mwamba huo u karibu sana na nchi kavu, pengine u mbali kiasi cha maili moja au zaidi; na kati yake na ufuko hubaki bwawa la maji mafupi, lenye mchanga, nyasi za baharini na vichwa vya matumbawe. Mfano ulio wazi ni upande wa mashariki wa Unguja, penye Jambiani, Paje na Bwejuu. Huko wakati wa kusi mawimbi hupasuka juu ya mwamba kwa kishindo kisikikacho vijijini usiku na mchana, ilhali ndani ya mwamba mtu aweza kusimama katika maji ya magoti akitazama mtego wake. Mwamba ni ukuta. Bahari kuu humaliza hasira yake juu yake, na kile kiingiacho ndani ni maji tu, yakiwa yamechoka. Upande wa magharibi wa visiwa, na ndani ya ghuba na mito ya mikoko, ukuta ni nchi yenyewe. Kwa hiyo kusi haikuwafungia wavuvi bahari yote. Iliwafungia mlango mmoja na kuwaachia ua.

Lakini ua huo una tabia yake, na hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Nje ya mwamba mvuvi huongozwa na upepo. Ndani ya mwamba huongozwa na maji kujaa na kupwa. Upepo hauna ahadi. Waweza kulegea alfajiri na kuvuma kwa nguvu adhuhuri, na siku mbili zifuatanazo hazifanani. Maji, kwa upande mwingine, hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa karibu kila siku. Na mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na mwezi upevukapo, huja bamvua, wakati maji yajaapo sana na kupwa sana. Katika Unguja tofauti ya maji ya bamvua hufika kama mita nne. Kati ya bamvua na bamvua huwapo maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mvuvi aliyekatazwa na kusi kutoka nje aliihamisha kazi yake kutoka katika mamlaka ya upepo akaitia katika mamlaka ya mwezi. Hakushindana na kisichokuwa na hakika. Alishikamana na kilichokuwa na hakika.

Hapo ndipo ionekanapo faida ya kalenda mbili za pwani, ambazo wengi huzidhania kuwa za ibada na sherehe tu. Mwaka wa Kiislamu huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, na kwa sababu hiyo tarehe yenyewe ni habari ya maji. Mtu ajuaye kwamba leo ni tarehe mbili au tarehe kumi na sita ajua kwamba ni bamvua, na tena ajua saa, kwa maana katika maji ya Unguja kupwa kwa bamvua huwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Lakini mwaka huo haufuati jua, kwa hiyo hausemi neno juu ya pepo. Kazi hiyo ilifanywa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, ulioanza na Siku ya Mwaka, na uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo thelathini na sita na siku tano za nyongeza. Mabaharia, wavuvi na wakulima walitaja mwongo wa ngapi ili kujua kusi imefika wapi na mvua i karibu kiasi gani. Kalenda moja ilisema lini pa kutega. Ya pili ilisema lini pa kutotoka.

Tena hesabu ya Nairuzi ilitaka akili iliyo macho. Kwa kuwa mwaka wa siku 365 ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa karibu robo ya siku, Siku ya Mwaka hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Katika miaka arubaini hurudi nyuma siku kumi, yaani mwongo mzima. Ndiyo sababu sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, ambayo sasa huangukia Julai, katika karne ya kumi na tisa iliangukia Agosti. Mtoto aliyeshika neno la babu yake bila kulisahihisha, akatoka nje ya mwamba katika mwongo ambao babu alikuwa akitoka kwa salama, angekuta upepo wa mwezi mwingine. Kwa hiyo elimu hii haikuwa ya kukariri. Kila kizazi kilikuwa na kazi ya kuipima upya kwa kutazama nyota, mawingu na maji yenyewe, na wale waliofanya kazi hiyo waliheshimiwa vijijini kama walivyoheshimiwa waganga na walimu.

Vyombo vya kazi vilifuata mpango huo huo. Uzio hujengwa kwa fito zilizofumwa pamoja na kusimamishwa kama ua katika maji mafupi, mikono yake miwili ikielekea ufukoni. Maji yakijaa samaki hupita na kuja kutafuta chakula karibu na nchi. Maji yakipwa hufuata njia ya kurudi, hukutana na ua, huufuata ukuta wake, na mwisho huingia katika chumba ambacho ni rahisi kukiingia na vigumu kukitoka. Mwenye uzio huja kwa miguu wakati wa kupwa na kuwachukua. Hahitaji tanga, na mara nyingi hahitaji hata chombo. Dema nalo ni kapu la pande nyingi, lililosukwa kwa vipande vyembamba vya miti au mianzi, lenye mdomo uingiao ndani kama shingo. Hutiwa chambo na mawe, huzamishwa kando ya tumbawe, na huachwa likifanya kazi peke yake. Changu, tasi na pono huingia humo, kusi ikivuma juu yao pasipo wao kujua. Katika vyombo hivi viwili kuna fikira moja: mvuvi asipoweza kukaa baharini, na aache kitu kitakachokaa badala yake.

Historia haitakuwa kamili ikiwasahau wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekimbia mbali, wanawake na watoto hushuka juu ya mwamba na nyanda za matope wakichokoa pweza katika mashimo kwa kijiti au chuma, wakiokota chaza na kombe, na mahali pengine wakivua dagaa na uduvi kwa nguo iliyoshikwa na watu wawili. Kazi hii aghalabu haikuandikwa katika vitabu vya hesabu za uvuvi, kwa kuwa haikuwa na chombo cha kuandikisha wala mnada wa kuhudhuria. Lakini katika nyumba nyingi ndiyo iliyotia kitoweo chunguni katika siku ambazo mume alirudi mikono mitupu. Kusi ilipowafungia wanaume mlango wa mwamba, elimu ya wanawake ya mashimo na saa za maji ilizidi thamani.

Wale waliokuwa na chombo hawakukiacha kabisa. Ngalawa, iliyochongwa aghalabu katika gogo la mwembe, ina mbao mbili ziitwazo mirengu, moja kila upande, zilizoshikwa na miti iliyolala juu ya chombo ili kisipinduke. James Hornell, aliyeandika juu ya ngalawa mwaka 1919 na tena mwaka 1944, aliihusisha na vyombo vya watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia hata Madagaska na Komoro. Hivyo mgeni huyu wa kale alipata makao katika maji ya Waswahili kwa sababu alifaa. Chombo chembamba, chepesi, kinachokwenda katika maji ya kina kidogo na kusimama imara katika upepo wa ubavuni, ni chombo cha ndani ya mwamba. Katika kusi mvuvi hutoka kabla ya mapambazuko, wakati umande uvumao kutoka nchi kavu unapoipunguzia kusi makali yake. Hutumia upondo mahali pa tanga penye maji mafupi, hukaa karibu na mlango wa mwamba bila kuupita, na hurejea kabla upepo haujapanda. Asubuhi ikiwa mbaya, chombo hubaki kimevutwa mchangani, na hakuna amwitaye mwenyewe mwoga.

Wala hawakuwa peke yao katika kungoja. Mabaharia wa majahazi makubwa, ambao historia imewasifu kwa ushujaa, nao walipumzika. Upepo ulipofika kilele katika Juni na Julai, bandari za magharibi ya Bara Hindi hazikuingilika, na wanamaji wa Kiarabu walisema kwamba bahari imefungwa. Ahmad ibn Majid, mjuzi mkubwa wa karne ya kumi na tano, alishughulika sana katika maandishi yake na majira ya kusafiri na majira ya kutosafiri. Safari za kwenda kaskazini zilifanywa mwanzo wa kusi au mwisho wake. Basi nahodha aliyengoja bandarini aliitwa mwenye hekima. Mvuvi aliyengoja ndani ya mwamba ameitwa mnyonge. Tendo lao lilikuwa moja, na tofauti ilikuwa ukubwa wa chombo.

Kungoja kulikuwa na sababu nyingine pia. Tufani ni nadra katika pwani hii, lakini si ngeni, na mara kadhaa zimekuja katika majira ya kubadilika kwa pepo. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikazamisha vyombo na kung'oa mikarafuu na minazi mingi mno. Aprili 1952 nyingine iliipiga Lindi. Aprili 2019 tufani Kenneth ilishuka Cabo Delgado katika Msumbiji, na Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia. Kati ya tukio la kwanza na la pili ilipita miaka themanini, muda ambao mtu mmoja aweza kuumaliza maisha yake yote bila kuona jambo hilo. Elimu iliyokataza kutoka nje wakati wa tanga mbili, mawingu yalipokaa vibaya, ilihifadhi kumbukumbu ambayo mvuvi mmoja hangeweza kuwa nayo kwa macho yake.

Hata hivyo haifai kuipamba hali hiyo kupita kiasi. Miezi ya kusi ilikuwa miezi ya dhiki. Samaki waliopatikana ndani ya mwamba walikuwa wachache na wadogo kuliko wale wa kaskazi, wakati ambapo nguru na jodari walivuliwa nje na papa walikaushwa kuwa ng'onda. Ng'onda hiyo, pamoja na papa wa chumvi walioletwa na majahazi, ndiyo iliyoliwa siku za upepo. Mvuvi asiye na akiba alikopa kwa mwenye chombo au mwenye duka, akalipa kaskazi iliporudi, na wengine hawakumaliza kulipa. Wengine walihama kwa muda na kufanya dago katika pwani za mbali, wakifuata upande uliokingwa na upepo. Wapo pia waliotia utupa katika madimbwi ya mwambani ili samaki walewe, na utupa haukuchagua mkubwa wala mdogo. Watu wa zamani hawakuwa malaika. Walichokuwa nacho ni mpaka, na mpaka huo hawakuuweka wao. Uliwekwa na upepo.

Mpaka huo ulikuwa na kazi mbili. Kwa miezi mitano au sita miamba ya nje ilipumzika, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuifikia. Lakini katika miezi hiyo hiyo watu wote walisongamana katika maji ya ndani, ambayo ndiyo malezi ya samaki wachanga. Maadamu watu walikuwa wachache na mitego yao ya fito ilikuwa na matundu ya kumpitisha mdogo, maji ya ndani yaliweza kustahimili. Mizani hii ilitegemea mambo mawili: kwamba kusi itaendelea kufunga mlango wa nje, na kwamba mwamba utaendelea kuwa ukuta. Katika karne ya ishirini mambo yote mawili yaliguswa.

Katika miaka ya 1950 ilikuwako Unguja taasisi ya utafiti wa uvuvi wa bahari ya Afrika ya Mashariki, na B. S. Newell alichapisha mwaka 1957 na mwaka 1959 uchunguzi wa maji ya pwani ulioeleza kwa vipimo namna pepo mbili zinavyobadili joto na mikondo. Mambo mengi ambayo wavuvi waliyajua kwa jina yalijulikana sasa kwa tarakimu. Lakini shauri lililotolewa mara kwa mara na wenye mamlaka, kabla ya uhuru na baada yake, lilikuwa kwamba uvuvi wa ndani ni wa kizamani na kwamba maendeleo yako nje, kwa mashine na nyavu mpya. Nyavu za nailoni zilichukua mahali pa nyavu za pamba; hazikuoza, hazikuonekana majini, na zilifumwa kwa matundu madogo. Mashine ziliwawezesha baadhi ya watu kupita mlango wa mwamba katika siku ambazo tanga lisingeweza. Wasiokuwa na mashine walibaki ndani, wakiwa wengi kuliko zamani, na wengi wao wakishika juya lenye macho madogo lililokokota kila kitu sakafuni. Hivyo kufuli ya kusi ililegea nje bila ua wa ndani kupata nafuu.

Madhara makubwa zaidi yalitokana na baruti. Kuvua kwa baruti kulikatazwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1970, lakini kuliendelea kwa miaka mingi, hasa karibu na Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, mpaka msako mkali wa miaka iliyofuata 2015 ulipokupunguza sana. Mlipuko mmoja huua samaki wote walio karibu, na wengi wao huzama bila kuokotwa. Huo ni upotevu wa siku moja. Upotevu wa pili ni wa miaka mingi: matumbawe yaliyojengwa polepole na viumbe vidogo mno huvunjika kuwa kokoto, na kokoto zikiviringishwa na mawimbi hazishikwi tena na matumbawe machanga. Mwaka 1998 joto la bahari liliongeza msiba huo, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakawa meupe na kufa. Mwamba uliokufa huliwa na mawimbi bila kujengwa tena, na ukishuka, mawimbi hupita juu yake na kuingia ndani. Hapo mnyonge hupoteza chakula, na pamoja nacho ukuta uliomwezesha kutafuta chakula siku ya upepo. Aliyelipua mwamba katika siku shwari za kaskazi alibomoa makimbilio ya siku za kusi.

Majaribio ya kurekebisha yamekuwapo. Hifadhi ya bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na eneo la hifadhi la ghuba ya Menai, kusini ya Unguja, mwaka 1997. Katika vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba wananchi wamekubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache na kuufungua pamoja. Yafaa kuangalia kwamba mapatano hayo yanafanya kwa shauri la watu kazi ile ile ambayo kusi iliifanya kwa nguvu: kufunga mlango kwa kitambo ili kilicho ndani kikue. Tofauti ni kwamba upepo haukuhitaji mlinzi, wala haukupokea rushwa.

Hapana shaka kwamba mvuvi wa leo, asikiaye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa simu yake, ajua habari za kesho kuliko babu yake. Lakini utabiri humwambia asitoke. Haumfundishi la kufanya akiwa ndani. Fundisho hilo lilikuwa katika uzio, katika dema, katika tarehe za mwezi mwandamo na katika majina ya miongo, na majina hayo yanapungua vinywani mwaka hata mwaka. Mwanachuoni wa Kiswahili ana kazi yake hapo. Msamiati wa maji na pepo ni kumbukumbu ya namna watu walivyoishi na bahari isiyowataka nusu ya mwaka, na kila neno lisiloandikwa kabla ya mzee wake kufa ni ukurasa uliopotea.

Methali ya dau basi yastahili kusomwa kwa makini zaidi. Imesema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi; haikusema kwamba mwenye dau alilala njaa. Alilifunga dau lake, akatazama mwezi, akangoja maji yapwe, kisha akashuka kwa miguu kwenda kuufungua uzio wake.